Fiziotherapia ya sakafu ya nyonga ni nini?

Ni tiba ya mazoezi kwa misuli iliyotanda chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Misuli hiyo imebeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na husaidia kubana mkojo na choo. Ujauzito, uzazi, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huilegeza. Mama anapiga chafya au anajitwika ndoo ya maji, mkojo unamponyoka. Wengi huambiwa ndivyo anavyokuwa aliyezaa, avumilie tu. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akikwepa ibada na shughuli za watu kwa miaka kwa sababu ya tatizo lenye tiba.

Mtaalamu huanza kwa maswali: unakunywa nini, unakwenda haja mara ngapi, ulijifunguaje. Kisha, ukiridhia, huweza kuipima misuli ukeni kwa kidole chenye glavu, maana wengi wakiambiwa "kaza" hubana makalio au husukuma chini. Zoezi lenyewe ni hivi: bana kama anayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta kwa juu, shikilia sekunde chache huku ukipumua kawaida, halafu achia kabisa. Ratiba ya kawaida ni kubana mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuyahusu mwaka 1948, ndiyo maana yanaitwa mazoezi ya Kegel. Jizoeze pia kukaza kabla tu ya kukohoa. Ila usiyageuze kuwa mchezo wa kukatiza mkojo kila uendapo chooni. Mkojo mwingine hubaki kibofuni.

Kuna misuli yenye shida ya kukakamaa, si kulegea. Mwenye nayo huweza kuumia wakati wa tendo la ndoa, au choo kumtoka kwa taabu, na akizidi kubana anaweza kuzidi kuumia. Huyo hufundishwa kuilegeza kwa pumzi za taratibu na kunyoosha viungo. Ndiyo maana nasisitiza upimwe kwanza kabla ya kuiga video za mtandaoni. Wanaume nao huhitaji tiba hii, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume.

Mkojo ukitiririka usiku na mchana baada ya uzazi wa shida, huenda ni fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kati ya kibofu na uke. Hiyo kwa kawaida huhitaji upasuaji, na hutibiwa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Panzi ya Bukavu. Mazoezi huja kusaidia misuli kurudisha nguvu.