Heroe wa Ziwa Natron wanaanza kulindwa vichakani

Magadi tunayolainishia maharage ndiyo yaliyojaa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Maji yake huchubua ngozi ya mtu. Lakini heroe wadogo, aina ya ndege wa flamingo, hutaga humo humo. Kwenye maziwa ya Nakuru, Bogoria na Manyara unawaona wakila tu. Kwa Afrika Mashariki nzima, mahali pao pa uhakika pa kuzaliana ni Natron peke yake. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapa.

Kiota ni kichuguu kifupi cha tope chenye kishimo juu, na ndani yake yai moja tu. Tope na maji yanayokizunguka ndiyo ukuta wake. Maji yakikauka mno, fisi na mbweha wanavuka. Yakijaa mno, viota vinazama. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi, Kenya. Huko chumvi iliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, wakashindwa kutembea, na watu wakaingia ziwani kuvunja pingu hizo kwa mikono, kifaranga mmoja mmoja. Maelfu waliokolewa hivyo.

Kwa hiyo anayetaka kumlinda heroe aanze kwa kutazama vichaka. Natron ina kina kifupi, kwa kawaida chini ya mita 3, na mabadiliko madogo ya maji yanaonekana upesi. Mto Ewaso Ng'iro unaleta maji kutoka milima ya Mau, Kenya. Migunga na vichaka vikikatwa ovyo kwa mkaa, mvua haina cha kuipunguza kasi. Inashuka na udongo hadi ziwani. Wengi huyaita maeneo haya pori tupu, na jina hilo limeyaponza sana.

Natron imo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001, nasi tunashukuru. Hata hivyo, wafugaji wa Kimaasai walikuwa na alalili, malisho yanayofungwa hadi kiangazi, kabla ya orodha yoyote. Panapoheshimiwa alalili, nyasi na vichaka hupata nafasi ya kuchipua. Serikali za vijiji ziiandike kwenye mipango yao ya matumizi ya ardhi, na mipaka yake iwekewe alama.

Nawe mgeni, usirushe droni juu ya ziwa. Kundi likishtuka wakati wa kutaga, linaweza kuyaacha mayai yote.