Je, wajua kwa nini wimbo pekee wa Iron Maiden ulioshika namba 1 Uingereza umo katika albamu yao dhaifu?

Waombe mashabiki wa Iron Maiden wazipange albamu 17 za bendi hiyo kongwe ya hevi metali kutoka London, na No Prayer for the Dying ya mwaka 1990 aghalabu itaburura mkia. Lakini humo ndimo ulimo Bring Your Daughter... to the Slaughter, wimbo wao pekee uliowahi kuongoza chati ya Uingereza.

Mwaka 1988 walikuwa wametoa Seventh Son of a Seventh Son, albamu iliyojaa sintesaiza (vinanda vya kielektroniki), yenye wimbo unaokaribia dakika 10. Baada ya hapo wakataka kurudia muziki mkavu wa miaka yao ya mwanzo. Walirekodi kwenye shamba la mpiga besi Steve Harris huko Essex, wakitumia studio ya kuhamishika ya bendi ya Rolling Stones. Sauti ikatoka nyembamba, na mwimbaji Bruce Dickinson, mwenye koo la kujaza uwanja, akaimba kwa kukwaruza.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuondoka kwa mpiga gitaa Adrian Smith, ambaye hakuafiki mwelekeo huo. Yeye ndiye aliyetunga wimbo wa Wasted Years, na gitaa lake lilijibizana na la Dave Murray kwa namna ambayo huwezi kuifundisha kwa wiki chache. Janick Gers aliyeziba pengo ni fundi hasa, ila aliingia kazi ikiwa imeshaiva: hakuna hata wimbo mmoja humo wenye jina lake kama mtunzi.

Sasa, ule wimbo wa namba 1. Dickinson aliutunga kwa ajili ya filamu ya kutisha, A Nightmare on Elm Street ya tano. Harris akaupenda na kuutaka uwe wa bendi. Ukatolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, tarehe 24 Desemba 1990, na hapo ndipo penye siri. Wakati huo chati ilipima mauzo ya wiki, na baada ya Krismasi maduka ya muziki yalipoa, kwa hiyo nakala chache zaidi zilitosha kufika juu. Mashabiki wa Maiden hununua bila kusubiri redio, na singo ilitoka kwa matoleo kadhaa, hivyo wakusanyaji walichukua zaidi ya moja. BBC iliupiga kwa nadra sana, lakini Januari 1991 ukamwondoa mwimbaji Cliff Richard kileleni na kukaa wiki mbili.

Mimi naupenda zaidi wimbo uliobeba jina la albamu, unaoanza taratibu kisha kushika kasi. Smith alirejea mwaka 1999 na Gers hakuondolewa. Brave New World ya mwaka 2000 ikarekodiwa kwa magitaa matatu.