Lebo ya “haina gluteni” na mlo wa kila siku usio na ngano wala maziwa

Malalamiko kuhusu pakiti za unga zilizoandikwa “haina gluteni” yameongezeka, na baadhi yanatoka kwa watu waliolipa bei ya juu kwa bidhaa ambayo hawakuwa na haja nayo. Gluteni ni protini iliyomo katika nafaka kama ngano na shayiri; unga wa mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele na muhogo hauna gluteni kwa asili. Viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex vinaruhusu maneno hayo pale tu gluteni isipozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula, na vinataka chakula kisicho nayo tangu shambani kielezwe hivyo, si kuuzwa kana kwamba kiwanda ndicho kilichoiondoa.

Mtu anayehisi kwamba ngano inamdhuru asiiache kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, hutegemea mwili ambao bado unapokea gluteni, na aliyekwisha kuiacha kwa miezi kadhaa anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao.

Baada ya hapo mlo usio na ngano wala maziwa si mgumu kama inavyodhaniwa. Asubuhi inatosha kupata uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, au magimbi na viazi vitamu vya kuchemsha kwa chai ya rangi. Vitumbua na mkate wa kumimina navyo vinafaa, mradi mpishi hakuchanganya unga wa ngano. Mchana kuna ugali na dagaa, makande, au wali na maharage ya nazi, na jioni ndizi za nyama au mtori usiotiwa siagi wala maziwa. Bokoboko ni ngano, tambi nyingi za dukani ni ngano, na chapati ya unga wa ngano usiokobolewa ni ngano vilevile. Swali la kama chapati hiyo inafaa tumelijibu mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Tui la nazi hushika nafasi ya maziwa kwa ladha tu, kwani lina kalsiamu kidogo, hivyo ni vyema dagaa waliwe wazima pamoja na mifupa yao.

Kuhusu maziwa, mayai si maziwa. Maziwa ya mbuzi hayamfai mwenye mzio wa maziwa ya ng’ombe, kwa kuwa protini zake zinafanana mno, na mtindi, ingawa laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, imepungua, bado una protini hizo. Siagi za mimea nazo zisomwe lebo, kwani baadhi hutiwa unga wa maziwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika mashine ya kusaga ya mtaani. Mtama safi uliosagwa mara tu baada ya ngano ya jirani hutoka ukiwa na ngano hiyo, na kung’uta mfuko wa kupokelea unga hakutoshi, kwa sababu unga hubaki ndani ya mashine yenyewe. Ni salama zaidi kutafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Unga wa lishe uliochanganywa tayari uulizwe umetiwa nafaka gani, na chipsi zisiliwe pale ambapo mafuta hayohayo yamekaangia sambusa na maandazi.

Anayeamini kwamba lebo imemdanganya asiutupe unga wala kuuhamishia kwenye kopo. Aukunje ndani ya pakiti yake, ahifadhi risiti, na aandike namba ya toleo (batch number), tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, duka aliponunua na siku aliyoula. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hivyo taarifa ipelekwe huko au kwa afisa afya wa halmashauri. Pakiti iliyofunguliwa inaweza kupingwa na mzalishaji, ndiyo maana inafaa mkaguzi achukue sokoni pakiti nyingine za toleo hilohilo zikiwa bado zimefungwa. Ikithibitika kwamba lebo ni ya uongo, bidhaa inaweza kuzuiwa na kuondolewa sokoni, na mhusika anaweza kushtakiwa chini ya sheria. Video iliyosambazwa katika kundi la WhatsApp bila namba ya toleo haimsaidii mkaguzi, hata ikitazamwa na mji mzima.

Unga wa kupimiwa kwenye kiroba dukani hauna namba hiyo, na kwa kawaida haiwezekani kujua ulisagwa wapi wala baada ya nafaka gani. Mwenye siliaki anunue nafaka nzima, aipembue na kuiosha mwenyewe, kisha aipeleke kwenye mashine aliyokwisha kuichunguza.