Maziwa Hayakati Risasi: Dhana Zinazowaponza Mafundi na Watoto wa Mombasa

"Dakta, mie maziwa nanywa kila jioni." Ndilo jibu ninalopewa na fundi wa betri, na mchomeleaji, na kijana wa kuyeyusha skrapu, mara nyingi kabla sijamaliza kuuliza swali. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mombasa. Kazi yangu ni kupima madini mazito kwenye damu, hasa risasi, ile metali ya kwenye betri (kwa Kiingereza lead), na haya maziwa ya kudaiwa kukata sumu yake nimeyasikia hadi yamenichosha. Juzi nimeyasikia tena, safari hii kutoka kwa tajiri mwenye karakana, aliyeniambia kwa fahari kwamba vijana wake wanalindwa, kwani kila mmoja hupewa paketi yake wakifunga kazi. Barakoa za kufaa hakuna. Feni ya kuvuta moshi hakuna. Mfereji wa kunawia uko ng'ambo ya barabara. Lakini maziwa yapo, na kwake yeye wajibu umekwisha.

"Maziwa hukata sumu"

Imani hii ina chembe ya kweli, na nitaitaja kwanza ili tusibishane bure. Madini ya risasi yanafanana na kalisiamu kiasi kwamba utumbo hushindwa kuyatofautisha; yote mawili hugombea njia zile zile za kuingilia damuni. Mtu aliyepungukiwa na kalisiamu au madini ya chuma hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unashauri kwamba mtoto aliyekutwa na risasi, ambaye lishe yake ni duni, aongezewe kalisiamu na chuma. Kwa hiyo mtoto apewe maziwa, tena kila siku kama uwezo upo. Ni chakula chema.

Ila hayo yote yanahusu risasi iliyomezwa, na yanahusu kabla haijapenya utumbo. Fundi anayeyeyusha vibao vya betri kazi yake kubwa si kumeza, ni kuvuta. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu, na moto ukizidi kukolea hutoka mvuke unaoganda hewani kuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo hupita koo zikashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zikituama huko karibu zote huishia damuni. Maziwa yenyewe yanateremka tumboni. Hakuna mahali ambapo yanakutana na moshi ule. Hata wale wanaosema "yasafisha kifua" wanasema juu ya njia ambayo maziwa hayapiti, na yakipita ni hatari ya kupaliwa.

Ikishaingia damuni, takriban asilimia 99 ya risasi hukaa ndani ya chembe nyekundu. Humo huvishika vimeng'enya vinavyotengeneza hemoglobini, hasa kile kiitwacho ALAD, na ndiyo sababu nawaona watu wenye upungufu wa damu ambao vidonge vya chuma peke yake haviwatoi hapo walipo. Kutoka damuni inahamia figoni, ubongoni, na zaidi ya kote mifupani: kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo iko mifupani. Ya damuni hupungua kwa nusu kwa muda wa mwezi hivi akiondolewa kwenye chanzo. Ya mifupani hukaa miaka 20, hata 30. Paketi ya saa kumi na moja jioni itaufikiaje mfupa? Nikiuliza hivyo najibiwa "yaosha". Yaosha kwa njia gani, hakuna aliyewahi kunionyesha.

Na sisi wa Mombasa ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini hadithi hii. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa, upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, kimepakana ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo; mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Madaktari walimwambia kwamba mtoto ameipata kupitia ziwa la mamake. Ndiyo hiyo sumu mnayotaka maziwa yaikate: inasafiri ndani ya maziwa yenyewe. Mama akiwa mjamzito au akinyonyesha, mwili wake huchota kalisiamu mifupani kumpa mtoto, na risasi iliyolala humo miaka yote inatoka pamoja nayo. Omido, aliyegeuka mwanaharakati wa kukipinga kiwanda hicho, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliobatilishwa kisha ukarudishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Akina mama wanaosoma hapa wasikimbilie kuacha kunyonyesha. Mwongozo wa Marekani unataka mama aendelee, isipokuwa risasi damuni mwake imefika mikrogramu 40 kwa desilita. Apimwe, basi.

Tena si maziwa tu yanayoshindwa. Dawa halisi ipo, sakisima (succimer), ya kumeza, inayonasa risasi na kuitoa kwa mkojo. Huwekewa watoto ambao risasi damuni mwao imefika mikrogramu 45 au zaidi, na huokoa maisha. Lakini Marekani waliifanyia jaribio kwa watoto 780 waliokuwa na kati ya 20 na 44, matokeo yakatoka 2001: risasi ya damuni ilishuka, ila watoto walipopimwa akili na tabia hawakuwa na nafuu yoyote kuwapita wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nataka kila mzazi alielewe hilo. Kilichokwisha kuharibika ubongoni hakirudishwi hata na dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, sembuse gilasi ya maziwa au hizo chupa za majani ya "kusafisha mwili" zinazouzwa vituo vya matatu. Na mkaa wa hospitali, ambao watu hudhani unanasa kila sumu, risasi hauishiki.

Kwa vile nimeshayataja maziwa, niongeze moja lisilohusu risasi. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimpe maziwa wala msimtapishe. Mafuta ya taa huua yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mbebeni hospitali vile alivyo.

Sasa tajiri wa karakana akiniuliza hizo pesa za maziwa azipeleke wapi, jibu ninalo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka yeye, na si fundi, agharimie vifaa vya kujikinga. Aanze na hewa: kazi ya moto ifanyike mahali wazi au penye feni inayovuta moshi kutoka usoni mwa mtu. Barakoa ile ya buluu ya hospitali haizuii mvuke wa chuma. Inayotakiwa ni ya mpira, yenye vichujio vya daraja la P100. Halafu maji na sabuni, karibu na mahali pa kulia. Nikimtoboa fundi kidole kwa kipimo cha haraka, kwanza namnawisha mwenyewe kwa sabuni na kumsugua kucha, kwa sababu vumbi lililobaki kwenye ngozi linaingia kwenye tone la damu na kupandisha jibu kwa uongo. Maji yale ya kwanza hutoka ya kijivu. Rangi ile imejificha kwenye mikunjo ya vidole na pembezoni mwa kucha, na kwa vidole hivyo hivyo saa nne anamega mahamri.

Ushauri wangu mwingine, ambao naurudia hadi wananiona msumbufu: usiende kazini tumbo tupu. Risasi inayomezwa tumbo likiwa halina kitu hufyonzwa mara kadhaa zaidi ya ile inayokutana na chakula. Wakati wa Ramadhani, anayefunga aoge, abadilishe nguo na asukutue kabla ya kufuturu, asile tende kwa mikono ya karakana. Na ovaroli isiingie nyumbani. Ifuliwe peke yake. Mtoto anayemkimbilia babake mlangoni anakumbatia vumbi lote la siku, na mtoto mdogo hufyonza hadi nusu ya risasi anayomeza, wakati mtu mzima aliyekula hufyonza kama sehemu moja kwa kumi.

"Mwili umeshazoea"

Huu ndio wimbo wa mafundi wa zamani. Kinga ya mwili hukumbuka virusi na bakteria. Dhidi ya risasi hakuna kumbukumbu inayojengeka wala kinga inayopatikana. Kinachotokea ni kinyume: tafiti za maabara zimeonyesha kwamba risasi huyumbisha chembe za kinga, ikizidhoofisha zile za Th1 zinazopambana na vijidudu ndani ya chembe za mwili, na kuzielekeza upande wa Th2, ambao ndio wa mizio. Baadhi ya watoto wenye risasi nyingi damuni wamekutwa pia na kiwango cha juu cha IgE, ile kingamwili ya mizio. Aliyezoea ni mtu ambaye dalili zake zimeingia polepole: tumbo kusokota, kusahau, presha, mikono kuishiwa nguvu.

"Kidogo hakina neno"

Kina neno. Uchambuzi wa mwaka 2005 uliounganisha takwimu za watoto 1,333 kutoka nchi kadhaa ulionyesha kwamba risasi ikipanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita ya damu, mtoto hupoteza wastani wa alama 3.9 za akili. Kutoka 10 hadi 20 hupoteza 1.9 zaidi. Yaani pigo kubwa liko kwenye kile kiwango tulichokuwa tukikiita kidogo.

"Masika yameshaosha udongo"

Mvua haiondoi risasi. Inajishika kwenye udongo wa juu, sentimita chache tu, pale pale watoto wanapochezea, na hukaa miongo. Njia ni kuondoa udongo huo, au kuufunika kwa udongo safi, au kuufunga kwa fosfati, ambayo huibadilisha risasi kuwa madini yasiyoyeyuka kirahisi. Mtaa wa South Prescott huko Oakland, California, mwaka 2011 walitumia mifupa ya samaki iliyosagwa kwa kazi hiyo. Mtu aliponisikia nikisimulia akataka kumwaga miba ya nguru uani kwake. Hapana, ile ilitayarishwa, ikapimwa, ikachanganywa na udongo kwa vipimo, kisha ikafunikwa.

"Risasi ni habari ya viwandani"

Laiti. Wavuvi wanayeyusha risasi za betri jikoni ili kusubu chubwi, vile vizito vya mishipi na nyavu, kwa sufuria inayorudi kupikia. Sufuria zenyewe, zikiwa zimesubiwa kwa vyuma chakavu, zinaweza kutoa risasi kwenye chakula. Uchunguzi wa sufuria za namna hiyo huko Kameruni ulichapishwa mwaka 2014, na mchuzi wenye ukwaju au ndimu unazidisha kuitoa. Pika vitu vichachu kwenye chungu au sufuria ya chuma cha pua. Manjano: huko Bangladesh yaligunduliwa kutiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na wakaguzi walipoingia sokoni, sampuli zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Sisemi ya Kongowea yana risasi. Nasema nunua vipande vizima usage mwenyewe, mimi ndivyo nifanyavyo.

Na wanja. Hapa najua nitakasirikiwa na mabibi. Wanja wa masizi uliotengenezwa nyumbani sina ugomvi nao. Ule wa jiwe, unaoletwa kwenye vijichupa visivyo na maelezo, umewahi kukutwa nchi nyingine na salfaidi ya risasi inayozidi nusu ya uzito wake. Mtoto wa siku arubaini hupakwa machoni, akapangusa kwa ngumi, kisha ngumi ikaenda mdomoni. Mwacheni mtoto na macho yake. Hayaongezeki ukubwa kwa wanja, wala husuda haijui kusoma rangi nyeusi.

"Nimepimwa damu, yote ni sawa"

Umepimwa nini? Kipimo cha kawaida cha damu huhesabu chembe na hemoglobini, hakitafuti risasi. Malaria haitafuti risasi. Sukari haitafuti risasi. Mwambie daktari kwa jina: nataka kipimo cha madini ya risasi kwenye damu, na kazi yangu ni hii. Kipimo cha kidole kikiwa juu, kirudiwe kwa damu ya mshipa. Ukikutwa na mikrogramu 5 au zaidi, chanzo kitafutwe nyumbani na kazini, na watoto wako nao wapimwe siku hizo hizo. Ukishatoka kwenye chanzo, rudi baada ya mwezi hadi mitatu. Kiwango kitashuka kwa haraka mwanzoni, kisha kitasuasua, kwa sababu mfupa unaendelea kurudisha damuni ulichokiweka. Usikate tamaa ukaacha kurudi, na usirudi kwenye moto kwa kuona namba imeanza kushuka.