Kusawazisha pangaboi la mkiani la helikopta: dhana potofu na ukweli

Fundi wa boti pale Mwaloni Kirumba akiona injini inatetemeka, huinua propela juu ya maji, hutafuta ukingo uliogonga jiwe na kuupiga tupa. Kwa mazoea hayo, wengi wanaotazama helikopta zikitua uwanja wa ndege wa Mwanza hudhani kwamba pangaboi dogo la mkiani nalo husawazishwa kwa jicho. Sivyo. Katika helikopta ndogo nyingi pangaboi hilo huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na kwa mizunguko 2,400, gramu 10 tu zilizozidi upande mmoja, sentimita 70 kutoka katikati, huvuta mhimili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 45 hivi.

Wapo wanaosema rubani atajua mwenyewe. Ni kweli kwamba atahisi mvumo kwenye pedali, pengine hata ganzi nyayoni, lakini mguu hauwezi kupima kiasi cha mtetemo wala kuonyesha upande unaotoka. Ndiyo maana kihisi cha mtetemo hufungwa kwenye giaboksi ya mkiani, na utepe unaoakisi mwanga hubandikwa kwenye panga moja, ili kila utepe unapopita mbele ya jicho la mwanga kifaa kijue pangaboi lilikuwa wapi mtetemo ulipofikia kilele. Kiasi husomwa kwa inchi kwa sekunde, na miongozo mingi huweka kikomo cha 0.2. Upande, kwenye chati za zamani, husomwa kama uso wa saa. Hapo fundi wetu wa helikopta anayetamka “saa tatu” hana budi kueleza kama anataja namba 3 iliyochapwa au saa ya Kiswahili, ambayo mshale wake uko kwenye 9.

Dhana iliyo mbaya kuliko zote ni kwamba kifaa hutibu. Beringi iliyolegea inaweza kufunikwa kwa kuongeza vizito, yaani uzito mdogo unaofungwa ili kusawazisha, namba ikashuka, na ubovu ukabaki pale pale. Kwa hiyo fundi hukagua viungo kwanza na kuyaosha mapanga, hasa baada ya kupita kwenye wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi, kisha hupima asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Akifunga kizito cha majaribio, huwasha injini na kupima tena.