Mto wa porini: maana yake kisheria

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria ya kulinda mito ambayo bado inapita ilivyoumbwa. Kwa miongo mingi nchi hiyo ilikuwa imejenga mabwawa huku na kule, na mito iliyobaki huru ilizidi kupungua. Mto ukiingia kwenye orodha ya sheria hiyo, serikali kuu hairuhusiwi kutoa leseni ya bwawa la umeme juu yake, na usafi wa maji lazima utunzwe pamoja na kile kilichoupa thamani, iwe samaki, mandhari au historia.

Sheria hiyo huipanga mito katika madaraja, yaani ngazi, matatu. La juu kabisa ni la mto wa porini: maji hayajazuiwa popote wala kuchafuliwa, kingo zake bado ni pori, na kwa kawaida hakuna barabara ya kuufikia.

Salmon River, kaskazini-magharibi mwa Alaska, ulipewa daraja hilo mwaka 1980, Rais Jimmy Carter alipoidhinisha sheria ya ardhi za Alaska. Una urefu wa kilomita 110 hivi. Unatoka Milima ya Baird, juu ya Mzingo wa Aktiki, na kumwaga maji yake katika mto Kobuk. Wengi hudhani kulinda ni kufukuza watu. Hapa sivyo: sheria hiyo ya 1980 inawaruhusu wakazi wa vijijini, wakiwemo Wainupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, kuendelea kuvua samaki na kuwinda karibu kwa ajili ya chakula chao.

Kinachoniuma ni hiki. Tangu mwaka 2019 hivi, mto huu uliokuwa na maji maangavu umegeuka rangi ya machungwa. Ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka inayeyuka kwa joto la dunia. Maji na hewa vinafikia miamba yenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, asidi inazalishwa, nayo inatoa chuma na metali nyingine. Watafiti wamepima metali hizo na kukuta zimevuka viwango vinavyohesabiwa salama kwa viumbe wa majini. Tope laini la chuma hujaa kwenye changarawe, palepale samaki wanapotaga mayai.

Sheria ilimfikiria mjenzi wa bwawa na mchimba madini. Joto linalotoka mbali haliombi leseni. Ila hadhi ile imetusaidia kwa jambo moja: kwa kuwa kandokando ya mto huu hakuna mgodi wala kiwanda, hakuna wa kusingiziwa uchafu huu.