Je, wajua nani aliyapanga mawe ya Mwanza?

Si mbali na gati la kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza, kuna jiwe limesimama ziwani ambalo karibu kila mgeni hupiga nalo picha. Ni Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za mkoloni. Jiwe kubwa limekaa juu ya mawe mengine, na ukilitazama kwa upande mmoja unahisi mtu akilisukuma kwa bega litatumbukia majini. Ukigeuka kuangalia vilima vya mji, ni hayo hayo: jiwe juu ya jiwe, na nyumba zimejibana katikati. Hapo ndipo swali linapozuka. Nani aliyapandisha?

Hakuna aliyeyapandisha. Jiwe la juu halijawahi kuwa chini. Lipo pale pale lilipozaliwa, na la chini vilevile; kilichobadilika ni vile vilivyokuwa vimeyazunguka, ambavyo vimeondoka.

Ili kulielewa hilo, okota kokoto moja mbichi, yaani iliyopasuliwa leo, pale wanapopondea mawe kando ya barabara. Iweke juani uigeuze taratibu. Utaona vidoa vya kijivu vinavyong'aa kama kioo kichafu: hiyo ni kwatsi, madini magumu kuliko chuma cha kisu. Vile vyeupe au vyenye wekundu hafifu, vyenye nyuso bapa, ni feldispa, na ndiyo iliyojaa zaidi. Vimeta vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Jiwe lenye mchanganyiko huo ni graniti, ambalo baadhi ya vitabu huliita itale.

Kwa kuwa chembe hizo unaziona kwa macho matupu, kokoto imekwisha kukusimulia historia yake. Anayevuna chumvi anajua: maji yakikauka haraka chumvi huwa laini, yakikauka polepole hutoka mawe ya chumvi. Miamba ya moto nayo ni hivyo hivyo. Lava ikimwagika juu ya ardhi hupoa upesi na kuwa jiwe jeusi lenye chembe ndogo mno, kama mawe mengi ya Arusha na Moshi. Graniti ya Mwanza ilipoa ikiwa bado uji wa moto kilomita kadhaa chini ya ardhi, imefunikwa gubigubi, kwa muda mrefu sana. Hilo lilitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Dunia yenyewe ina takribani miaka bilioni 4.5, kwa hiyo jiwe wanaloanikia nguo pale Igogo limeishi zaidi ya nusu ya umri wa dunia. Lilipoganda hapakuwa na samaki wala mti. Viumbe vilivyokuwepo ni vijidudu tu.

Miamba iliyolifunika ikamomonyoka taratibu. Mzigo ulipopungua, graniti ilitanuka kidogo na kupasuka: nyufa za kusimama, nyufa za kulala, zikikatizana hadi mwamba mzima ukawa kama matofali yaliyobanana chini ya udongo. Maji ya mvua yakapenya humo, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika.

Umewahi kuitazama sabuni ya mche inavyoisha? Inakatwa ikiwa na kona kali, lakini ukifua mara tatu nne inakuwa mviringo. Kona hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso wa katikati kutoka upande mmoja tu. Kona ndizo hufa kwanza. Tofali la graniti lililozungukwa na maji ya nyufa hugeuka tufe kwa njia hiyo hiyo, likiwa bado ardhini, bila mtu kuliona. Kisha mvua huchukua kile kilichooza kando yake, na matufe yanabaki yamekaliana, kila moja juu ya mwenzake wa tangu mwanzo. Ufa wa kulala uliowatenganisha ndio huo mstari unaokufanya udhani jiwe limewekwa.

Wengi husema mawimbi ya ziwa ndiyo yaliyoyalainisha. Sikubaliani nao: mawe ya namna hiyo yapo juu vilimani kabisa, na ziwa lenyewe ni la juzi. Takribani miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, na Jiwe la Bismarck lilikuwa nchi kavu. Kit Mikayi, kule karibu na Kisumu, ambalo kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza, nalo limepangika hivi hivi, mbali na mawimbi.

Kilichooza hakikupotea. Feldispa hugeuka udongo mfinyanzi, nao husafiri na maji hadi bondeni. Kwatsi haiozi, inabaki mchanga. Ndiyo maana mkulima wa Kisukuma ana luseni, udongo wa kichanga karibu na miamba, na mbuga nyeusi inayonata kule chini. Mlima mmoja umechekechwa ukatoa mashamba ya aina mbili.

Lakini kwa nini graniti kongwe hivi imesalia hapa? Chini ya mabara, ganda la dunia kwa kawaida lina unene wa kilomita 30 hadi 50. Chini ya Kanda ya Ziwa, ganda hilo limeshikamana na mzizi wa mwamba baridi na mgumu unaoshuka zaidi ya kilomita 150. Bonde la Ufa lilipofika hapo lilishindwa kuupasua, likagawanyika matawi mawili: moja likapita mashariki, jingine magharibi. Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya ufa wa magharibi, lina kina cha kama mita 1,470. Ziwa Victoria, lililotandazwa kati ya matawi hayo, halifiki mita 90. Na almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ambayo mwanajiolojia John Williamson aliigundua mwaka 1940, ilipikwa kwenye kina kama cha mzizi huo kabla ya kurushwa juu na mlipuko wa volkano.

Wapasua mawe wa Mwanza hutumia fizikia ile ile ya jiwe kutanuka na kupasuka, bila kuiita jina. Huwasha moto juu ya jiwe, wakaliacha lipate joto. Tabaka la nje hutanuka, la ndani linabaki baridi, na gamba zima hubanduka kwa mlio, tayari kwa nyundo. Jiwe la mita tatu kila upande lina uzito wa tani 70 hivi. Kabla ya kuchimba kiwanja chini ya jiwe la namna hiyo, tazama limekalia nini. Likiwa limekalia jiwe mwenzake, huenda limetulia hapo miaka maelfu. Likiwa limekalia udongo, jembe lako linaendeleza kazi iliyoanzwa na mvua.